Kitambaa cha Bibi Pelo

Kitambaa kiliruka juu ya meza iliyopinduka, kikapita sahani za biringanya na mikate iliyomegwa, kikatua kwenye nyasi katikati ya wanaume wawili. Kilikuwa cheusi, chenye maua mekundu pembeni. Tariel alikuwa ameshika kisu cha kukatia zabibu, na damu ya mume wangu ilikuwa imeshashuka kutoka begani hadi kwenye mkanda. Nilipiga kelele, lakini mpaka leo sikumbuki nilisema nini.

Tulikuwa tumekwenda kupumzika. Ushangi alikuwa amevunja mlango wa ofisi kwa ngumi huko Tbilisi, mji mkuu wetu, na bosi wake, kwa huruma, akampa likizo badala ya kumfukuza. Mimi ndiye niliyeuchagua mji ule mdogo kando ya mto Alazani, msimu wa mavuno, wakati hewa yote inanukia zabibu zilizopondwa.

"Huko nitapumua, Tsiala," aliniambia njiani, mkono wake ukiwa juu ya goti langu. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Hakujua kushindwa tu, hata tukicheza karata wawili kitandani, na akishindwa hulala amenipa mgongo.

Mwenyeji wetu, Jumberi, alikuwa mkulima wa mizabibu aliyepangisha chumba juu ya ghala lake la divai. Aliishi na mama yake, Bibi Pelo, na mdogo wake, Tariel. Ndugu yao wa katikati, Nukri, aliuawa vitani, na picha yake ilitundikwa barazani, mahali ambapo kila anayekula lazima aione. Asubuhi ya ugomvi ule, nilipotaka kuwafuata wanaume shambani, Bibi Pelo alinizuia mlangoni, akavua kitambaa chake na kunifunga mwenyewe kichwani.

"Jua la huku halina adabu, mwanangu. Usije ukarudi mjini umeiva kuliko zabibu zangu."

Nilicheka. Ushangi naye alicheka, na nikasema moyoni, basi, amepona.

Mchana tulikula nje, kwenye nyasi mbele ya baraza, mto ukisikika nyuma ya miti. Jumberi, kama mkuu wa meza, alituongoza katika kuinua glasi na kutakia heri: amani kwanza, kisha wageni, kisha wazazi. Katikati ya hayo glasi ya Ushangi iliteleza ikavunjika. Hakutaka kumsumbua mtu. Akachukua kikombe kikubwa kitupu cha kunywea bia kilichokuwa dirishani, akakichovya kwenye ndoo ya divai changa, ile ya siku chache ambayo bado inachemka yenyewe, na povu likapanda hadi ukingoni.

"Sasa tunamkumbuka Nukri," Jumberi akasema, tukasimama wote.

Ndipo Tariel alipotokea kutoka shambani, kisu mkononi, jasho usoni. Alimwona mgeni amesimama mbele ya picha ya ndugu yake, ameinua kikombe cha bia chenye povu. Kwetu divai huinuliwa kwa mpendwa, bia kwa adui. Hata mlevi wa sokoni anajua hilo.

"Wee! Ndugu yangu unamnywea bia?"

Neno moja tu lingetosha. Ushangi angesema "divai," tungecheka mpaka jioni. Lakini aliulizwa kwa ukali, na yeye hakuwahi kujibu ukali kwa upole.

"Njoo uonje, mjinga wewe," akasema, akamsukumia kikombe usoni.

Povu lilimjaa Tariel machoni, asiweze hata kujua ladha yake. Ngumi ya kwanza ilimpata Ushangi mdomoni. Jumberi aliruka kuwatenganisha, akatupwa chini ya benchi na meza ikamlalia miguu. Benchi lilivunjika. Walibanana ukutani, picha ikaanguka, kioo kikapasuka chini ya viatu vyao. Kisha kisu kikapanda na kushuka, na shati la mume wangu likafunguka kutoka begani hadi mbavuni. Nikakivua kitambaa, nikakitupa.

Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake: kitambaa cha mwanamke kikianguka kati ya wanaume, mikono hushuka. Sikuwahi kuona ikifanyika.

Tariel alikitazama, akakijua kuwa ni cha mama yake. Kisu kikamdondoka. Alikuwa akihema kama aliyetolewa majini.

"Nisamehe, dada," aliniambia, akainama kukiokota.

Ushangi aliunyanyua kwa mikono miwili mtungi wa udongo uliokuwa kando ya ndoo ya divai, akaushusha juu ya kichwa kile kilichoinama. Mtungi ulipasuka. Alimpiga tena kwa kipande kilichobaki, na tena, huku miguu yake miwili imesimama juu ya maua mekundu. Nilimvuta mkanda wake na sikuweza kumsogeza. Sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa mume wangu pale.

Majirani walimpeleka Tariel hospitali. Jicho moja hakurudi nalo.

Polisi aliyekuja alikuwa mtu mzima wa hukohuko. Jumberi, aliyekuwa chini ya meza, hakuwa ameona kitu. Bibi Pelo alikuwa ameinama jikoni akitoa mikate kwenye tanuri. Ushangi, amefungwa bandeji, alieleza vizuri: kisu, damu, mtu anamjia, yeye anajitetea.

"Waambie, mke wangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya njiani, ya mkono juu ya goti.

Polisi akafunga kalamu yake, akatazama kisimani, kisha kichwa changu kilicho wazi. "Dada, nina swali moja. Kitambaa kilianguka kabla ya mtungi, au baada?"

Nilimpenda Ushangi. Niliiona nyumba yetu bila yeye, kitanda chetu, karata. Kisimani, Bibi Pelo alikuwa akikifua kile kitambaa, hakuinua uso.

"Kabla," nikasema.

Ushangi alinitazama kama mtu aliyeshindwa, kisha akanipa mgongo.

Bibi Pelo alikikamua kitambaa, akaja hadi niliposimama, akanifunga kichwani kikiwa bado kimelowa. Mikono yake ilichelewa kupata fundo.

"Jua bado kali," alisema.