Bahasha Ndani ya Bahasha

Mimi Zuleha ni mwepesi wa hasira, nakiri. Asubuhi ile Baba Luka, fundi mitambo wa zahanati moja jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, alipopiga simu, nilimkatisha.

"Shikamoo, Baba Luka. Mtandao mzima, nimeupima jana."

"Marahaba, mwanangu. Mbona picha ya kifua haifiki? Mchimbaji mmoja, Mayala, kaangukiwa na kifusi duarani, humo shimoni wanamochimba dhahabu, anahema kwa shida. Daktari Eufrasia yuko hapo Shinyanga anaisubiri. Bila kuiona, hawezi kumwelekeza tabibu wetu amtoboe kifua au amwache."

Nikaivuta kompyuta. Jana yake nilikuwa nimeihamishia zahanati yao kwenye wingu letu, yaani kompyuta za pamoja za kampuni yetu hapa Kambarage, Shinyanga mjini. Wateja hamsini wanatumia nyaya zilezile, ila kila mmoja anaona mtandao wake peke yake, kwa sababu kila kifurushi cha data tunakitia ndani ya bahasha nyingine yenye namba ya mwenyewe.

Na nilipimaje? Kwa salamu! Huku kwetu huanzi kazi bila salamu, basi mimi na Baba Luka tukaandikiana. Nikamwamkia, akaitikia. Nikauliza habari za ng'ombe, akanijibu ng'ombe mmoja mmoja. Robo saa nzima, kila neno likafika, tukaagana tumeridhika. Hakuna aliyetuma kitu kizito. Mjinga mimi!

Salamu ni ndogo, hata ukiifunga mara mbili inapita. Picha hujaza vifurushi mpaka pomoni. Ukiongeza bahasha vinazidi kipimo cha njia ya kwenda migodini, na mitambo ya njiani inavitupa kimyakimya.

Nikapunguza kila kifurushi kutoka baiti elfu moja na mia tano hadi elfu moja na mia nne, bahasha ipate nafasi.

"Baba Luka, tuma tena."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa namna ile mbele ya kompyuta.

Dakika tatu baadaye Daktari Eufrasia akapiga. "Nimeiona. Pafu la kushoto limesinyaa. Mwambie tabibu aandae mpira wa kutoa hewa kifuani, nampigia sasa hivi."

Nikakaa na simu mkononi karibu saa nzima. Ilipoita, sauti haikuwa ya Baba Luka.

"Dada, mimi Mayala. Huo mtandao wako nusura unizike, na nikitoka hapa nakuja Kambarage kukugombeza mwenyewe!"

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Nikacheka huku nalia.