Saa Ambayo Haijafika

Asubuhi ile Mgeta ilikuwa imezama kwenye ukungu, na mimi niliyeondoka mjini gizani kwa ukaguzi wa kawaida sikuwa na hakika kama nimeshaamka kweli. Mzee Fidelis, msimamizi wa ofisi ya wakulima wa mboga, alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Shamsia. Mashine yako imegoma, na Mwaisha yuko mtoni."

Mwaisha ni mkewe. Yeye na wenzake huosha karoti kule chini kabla lori halijafika. Mvua ikinyesha kileleni, maji hushuka ghafla, ndiyo maana mwaka jana nilifunga kipimo cha maji juu mtoni, na hapa ofisini seva, yaani kompyuta ya kupiga kengele. Haina intaneti. Hutegemea kilichomo ndani yake tu.

"Umewaita?"

"Mara mbili. Wananicheka. Wanasema kengele haijalia."

Nilijikasirikia. Ni mimi niliyewafundisha kuiamini.

Umeme ulikuwa umekatika saa kumi na mbili alfajiri, ukarudi baadaye. Seva iliwaka vizuri. Programu zake, tunazoziita huduma, zilianza: ya kwanza iliamka, ya pili ikaamka, ile ya kusoma kipimo ikaamka na kufa papo hapo. Nikaiwasha upya, ikafa tena, ikiacha ujumbe uleule: rekodi ya mwisho ni ya saa ambayo bado haijafika. Nikadhani hata mashine inaota. Nilikagua nyaya, nikakagua diski, nikatazama saa kwenye kioo cha kompyuta: 3:40. Saa tatu na dakika arobaini, sawa kabisa. Dirishani ukungu ulipita taratibu, na nyimbo za wanawake zilipanda kutoka bondeni, zikapotea, zikapanda tena. Niliogopa mno.

Nikatoa simu, basi tu mikono isikae bure. 9:46. Nikaiweka kando ya kioo kilichoandika 3:46. Kichwani mwangu zote mbili zilikuwa saa tatu na dakika arobaini na sita.

"Mzee, nani kaiweka saa hii?"

"Mimi. Ilipowaka iliniuliza saa, nikaiambia."

Betri ndogo inayotunza saa umeme ukikatika ilikuwa imekufa. Fidelis alijibu kama ambavyo ningejibu mimi, na mimi niliitazama saa hiyo nikaona hajakosea. Lakini mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane: kwake 3:46 ni saa tisa usiku, na alfajiri ilikuwa haijaingia bado.

Nikarekebisha saa, nikaiwasha huduma. Haikufa. Kengele ikalia.

Nilitaka kumwambia Fidelis kwamba huenda inajijaribu tu, kisha nikaona kipimo. Maji yalishapanda mita nzima. Bondeni nyimbo zilikatika, na Fidelis alikuwa ameshatoka mbio.

Nilisimama mlangoni nisione kitu. Mto ulinguruma chini yangu. Halafu wanawake wakaanza kutoka kwenye ukungu, mmojammoja, kanga zikichuruzika maji. Mwaisha alikuwa wa mwisho, bila viatu, ameshika karoti moja.

"Kengele yenu imechelewa," aliniambia kwa hasira. "Gunia langu lote limekwenda."

"Nisamehe, mama," nikasema, machozi yakanitoka mbele za watu.

Fidelis alitokea nyuma yao kwenye ukungu. Alimshika mkewe mkono ule wenye tope, na lori lilipofika alikuwa bado hajauachia.