Saa Sabini na Mbili za Mama Edinah

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya upili mjini Migori, kwa hivyo asitokee mtu akasema sikujua kuhesabu. Nilihesabu. Nilichora saa zote sabini na mbili kwenye karatasi ya miraba, nikaibandika ukutani kando ya kalenda, na kila mgeni aliyeingia sebuleni aliulizwa kama ameiona. Kosa langu halikuwa la hesabu, na ndiyo maana mpaka leo linaniuma.

Mume wangu, Tony, hufanya kazi kwenye meli za watalii. Aliondoka Novemba mwaka 2019 kwa mkataba wa miezi tisa, Korona ikamkuta baharini, na tangu hapo ikawa mkataba juu ya mkataba, kwa sababu aliogopa kwamba akishuka hatarudishwa kazini. Alimwacha binti yetu Helen akiwa na miaka saba. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Helen alikuwa na tisa, na baba yake alikuwa mtu wa kwenye simu.

Januari hiyo kampuni ikatangaza kwamba meli yake ingetia nanga Mombasa, na kwamba familia za wafanyakazi zingeruhusiwa kusafiri nao siku nne. Wao hawakuruhusiwa kukanyaga nchi kavu, lakini sisi tungeweza kuwafuata majini. Tony alituombea nafasi tatu: yangu, ya Helen, na ya mama yake, Mama Edinah.

Ya Mama ndiyo iliyokuwa nafasi yenyewe. Mama Edinah alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima, na daktari wa Homa Bay alikuwa ametuambia waziwazi kwamba la kulia lisingefika mwisho wa mwaka. Siku nilipompelekea habari ya meli nyumbani kwake, karibu na Sori, aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye leso.

"Sauti yake ninayo kwenye simu," alisema. "Uso ndio sina. Nataka nimwone nikiwa bado na macho."

Sharti la meli lilikuwa moja lisilo na mjadala. Kila msafiri awe na kipimo cha Korona kisichozidi saa sabini na mbili wakati anapoingia melini, na saa hizo huanza kuhesabiwa pale kijiti cha pamba kinapotoka puani, si pale majibu yanapotoka. Kuingia melini kulipangwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tungepimwa Homa Bay, sampuli zipelekwe Kisumu kwa gari la mchana, na majibu yarudi siku inayofuata. Basi la Mombasa lingetuchukua pale pale Homa Bay Ijumaa, saa saba mchana.

Pale kwenye kituo cha kupimia alikuwepo Mellen, mpimaji mmoja kutoka Kisii, mwanamke mtulivu asiyependa maneno mengi. Jumatatu alinipigia simu. Vifaa vilikuwa vichache wiki hiyo. Angeweza kumpima mtu mmoja Jumatano, na wawili Alhamisi, basi.

"Madam, wewe ndio uje Jumatano," aliniambia. "Mama mwache Alhamisi. Wa Jumatano atabaki na masaa mbili tu za akiba. Kitu kidogo ikiharibika, huyo ndiye ataachwa. Afadhali uachwe wewe."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Anayepimwa Jumatano saa tano asubuhi, cheti chake kinakufa Jumamosi saa tano. Anayepimwa Alhamisi ana siku nzima ya ziada. Hata mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angejua nani wa kupewa siku hiyo ya ziada.

Lakini mimi nimeolewa katika boma la Waluo, na huko mwenye boma huanza. Mama ndiye huweka mbegu ya kwanza ardhini, ndipo wake wa wanawe wapande. Yeye ndiye huanza kuvuna, na ndiye huonja mahindi mapya. Ukimtangulia umejiitia chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira ikiingia nyumbani hukondesha watu na kuwazika. Hakuna anayetaja kupimwa pua katika mambo hayo, najua. Hiyo nayo niliiongeza mwenyewe, kwa woga.

Woga huo ulikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, Machi 2009, Mama alilazwa hospitali kwa malaria, na mvua ikaanza kunyesha yeye akiwa kitandani. Nilingoja wiki moja. Nilingoja ya pili. Ya tatu nikachukua jembe nikapanda kipande changu, maana mvua haingoji mgonjwa apone. Mnamo Julai mimba yangu ya miezi sita ikatoka. Hakuna aliyenitamkia neno, ila nilipofika kisimani wanawake walinyamaza, na nilipoondoka wakaendelea. Mama Edinah naye alinyamaza. Hakuwahi kuyataja yale mahindi hata mara moja, na mimi nikausoma ukimya wake kama hukumu.

Mwalimu wa hesabu haamini chira. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Lakini tumbo langu halikusoma chuo.

Basi nikamwandikia Mellen kwamba Mama atakuja Jumatano, mimi na Helen Alhamisi. Mama nikamwambia kwamba Jumatano hakuna foleni. Aliniuliza kama Mellen ndiye aliyeshauri hivyo, nikamjibu ndiyo.

Jumatano alipimwa saa tano na dakika tano. Alitulia kama mtu aliye kanisani, machozi yakamtoka kwa kile kijiti, akacheka akisema kwamba kumbe bado jicho bovu linajua kulia. Mellen aliandika saa kwenye fomu. Alinitazama, nami nikajifanya kutafuta kitu mkobani.

Alhamisi ikawa zamu yetu. Helen alilia, nikamwahidi soda.

Ijumaa asubuhi tulifika kituoni na mizigo yetu. Mama alivaa gauni la kijani alilolishonesha kwa ajili ya safari, na kwenye mkoba alikuwa na njugu alizozikaanga mwenyewe, kwa sababu Tony alizipenda tangu utotoni. Majibu yalikuwa mazuri kwa wote watatu. Mellen alikuwa akigonga mhuri wa mwisho wakati simu yangu ilipotoa mlio.

Ulikuwa ujumbe wa kampuni. Kwa sababu za bandari, kuingia melini kumesogezwa kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Tunaomba radhi.

Niliusoma mara tatu, nikampa Mellen. Alihesabu kwa vidole, ingawa sote wawili tulijua. Cheti cha Mama kingekufa saa tano na dakika tano. Mlango wa meli ungefunguliwa muda wa saa tatu kasoro dakika tano baada ya hapo.

Nilipiga simu ya kampuni. Dada mmoja mpole akanisomea sharti lile lile. Nikampigia Tony, akaenda kumwangukia bosi wake, akarudi na sauti ya mtu aliyepigwa. Kumpima Mama upya hakukufaa kitu, kwa kuwa siku za Jumamosi maabara ya Kisumu hutoa majibu jioni, na wakati huo meli ingekuwa imeng'oa nanga. Mwisho nikamvuta Mellen pembeni, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya. Nilimwomba aandike kwamba Mama alipimwa Alhamisi.

Hakukasirika.

"Hiyo iko kwa kompyuta, Madam," alisema. "Na hata kama ingekuwa kwa mkono wangu, singeandika. Hiyo meli imejaa wazee kama yeye." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini nilikuambia."

Macho ya Mama yalikuwa yakifa, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Alikuambia nini?" aliuliza kutoka kwenye benchi.

Nilikaa kando yake. Maji yakimwagika hayazoleki, na sikuwa na uongo mwingine uliobaki, kwa hivyo nilimweleza yote kwa Kijaluo: nafasi moja ya Jumatano, ushauri wa Mellen, na jinsi nilivyokataa kumtangulia. Nikamweleza na yale mahindi ya mwaka 2009. Nilikuwa nikilia mbele ya mtoto wangu na sikujali.

Mama alikaa kimya kwa muda, akiuvingirisha mfuko wa njugu mapajani. Nilidhani ni ukimya ule ule.

"Nilikuwa nimelala hospitali nikisikiliza mvua kwenye mabati," alisema hatimaye. "Nikamwomba Mungu akupe akili upande bila kuningoja. Niliposikia umepanda, nilifurahi. Halafu mtoto akatoka. Nikaona nikiyataja mahindi utavunjika, nikaamua nisiyataje kamwe. Nilikuwa nakuhurumia, nyathina."

Nyathina, mwanangu. Alikuwa ameniita hivyo miaka yote, na mimi nilidhani ni desturi ya ulimi tu.

Nilimwambia kwamba hatuendi. Ama twende sote, ama turudi Sori sote. Hapo ndipo alipokunja uso.

"Mtoto ana baba, na baba yake yuko kule. Nendeni. Mimi nimetangulia katika kila kitu tangu nilipoolewa, na leo tangulieni ninyi." Aliutia mfuko wa njugu mikononi mwangu. "Mtazame kwa ajili yangu. Usimtazame kama mke, anayetafuta makosa. Mtazame polepole, kila mahali, halafu uje unieleze."

Mellen alifunga kituo saa ya chakula, akamshika mkono Mama hadi kwenye gari la Sori. Mimi na Helen tukaingia basini. Nilimwona Mama akipunga mkono, lakini alikuwa akilipungia basi jingine.

Tony alikuwa juu ya ngazi ya meli, amevaa sare nyeupe. Alimkumbatia Helen, akanikumbatia, na wakati wote huo macho yake yalitazama nyuma yetu, chini gatini. Alijua kwamba hayupo. Alitafuta tu.

Kwa siku nne nilimtazama mume wangu kama nilivyoagizwa. Niliandika kwenye daftari: mvi upande wa kushoto, chache; kovu la mvuke kwenye kiganja; mstari mpya kati ya nyusi; bado anacheka kwa upande mmoja wa mdomo; akila njugu hufumba macho. Wenzetu walipiga picha za bahari. Mimi siwezi kukueleza bahari ilikuwaje.

Niliporudi nilimsomea Mama daftari lote, jioni mbili mfululizo. Aliniuliza mstari huo wa nyusi unaanzia wapi. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye paji la uso wake mwenyewe, akakishikilia kidole changu pale.

Mvua zilipofika mwishoni mwa Machi, jicho la kulia lilikuwa limebaki na mwanga tu, kama wa mlango ulioachwa wazi kidogo. Asubuhi ya kupanda aliweka mkono begani mwangu, tukaenda shambani, mimi nikiwa na jembe na bakuli la mbegu. Tulipofika ukingoni nilisimama nikampisha, kwa mazoea.

Hakupita.

"Mstari siuoni," alisema. "Tangulia, nyathina."

Nikatangulia, mkono wake ukiwa bado begani mwangu. Nilichimba shimo la kwanza, nikauongoza mkono wake hadi mahali penyewe, akadondosha mbegu tatu na kuzifukia kwa mguu.