Jiwe la Bafuni

Jiwe lilikuwa limeanikwa dirishani juu ya kitambaa cheupe, safi kama sahani ya mgeni. Bi Maini alisimama mlangoni mwa bafu, mkoba ungali begani, akalitazama kitambo kabla hajaelewa anachokiona.

"Umeliona?" mama yake aliuliza kutoka jikoni. "Jiwe lako la kusugulia miguu lilikuwa limeota ukoga, mwanangu. Nimelipiga brashi mpaka limetakata."

Bi Maini ni jina la utani alilobandikwa kazini. Kwa miaka mingi alikuwa akipanda na kushuka bonde la mto wa kaskazini, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni, akitafuta mimea midogo isiyo na maua wala mizizi ya kweli, inayojibanza kwenye miamba yenye majimaji. Watu wa kale waliona baadhi yake ina umbo la ini, wakaiita mimea ya ini, na wenzake hawakuhitaji zaidi ya hapo kumtania. Wapita njia walidhani ni uchafu. Yeye alijua kwamba mmoja hulala kama utepe, mwingine hupangika kama magamba ya samaki, na mwingine una vikombe vidogo vinavyongoja tone la mvua lirushe watoto wake mbali. Aliipenda, na hakuona haya kusema hivyo.

Ule wa kwenye jiwe aliukuta mahali pamoja tu, nyuma ya maporomoko, na hakuna kitabu kilichoutaja. Ili autangaze kuwa ni aina mpya, ilibidi auone ukikomaa na kutoa vijimbegu vyake laini kama vumbi. Vipande vikavu vilivyokuwa ofisini havikutosha. Sasa maporomoko yenyewe yalikuwa yamefunikwa na maji ya bwawa jipya. Mitambo ya chumba cha unyevu kazini, alimokuwa akilitunza, ilipoharibika, alilibeba jiwe hadi nyumbani, akaliweka kwenye beseni chini ya bomba linalodondosha, akasahau kwamba katika kila nyumba aliyowahi kuishi, hapo ndipo hukaa jiwe la miguu.

Wala hakumwambia mama yake, aliyekuja kukaa naye baada ya kustaafu usafi wa wodi za hospitali. Kwa mama yule, unyevu ulikuwa adui wa kuzaliwa naye. Tangu afike alikuwa akimganda fundi bomba kwa simu, aje kuziba tangi la nyuma lililokuwa likivujia ukutani.

"Nani alikutuma uguse vitu vyangu?" Bi Maini alisema. "Umeua kitu ambacho huenda hakipo tena popote. Afadhali ungebaki kwako."

Zikasikika hatua kutoka jikoni kuelekea chumbani, na zipu ya begi ikifunguliwa.

Bi Maini aliketi ukingoni mwa bafu. Alijaribu kuishika hasira yake, nayo ikamponyoka. Brashi ilikuwa imeoshwa ikatundikwa, beseni limefutwa hadi chini. Hakuna mwingine aliyewahi kumsafishia kitu kwa moyo namna ile. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akainuka.

"Nisamehe, Mama."

Mama aliendelea kukunja nguo. "Sikujua, mwanangu. Ningejua, ningelifunika shuka."

"Mimi ndiye sikukwambia."

"Huo mmea wenyewe unaitwaje?"

"Mmea wa ini."

Mikono ya mama ilisita juu ya blauzi. "Ini hili hili la tumboni?"

"Hilo hilo."

"Basi leo tumekatana maini, mimi na wewe."

Walicheka, kicheko chembamba kilichowatoa machozi wote wawili. Kisha Bi Maini akauliza, kwa sauti ya kuogopa jibu, maji ya kusugulia yalimwagwa wapi.

"Kule nyuma, ukutani. Ningeyamwaga humu ningekuzibia bomba."

Walitoka pamoja. Chini ya tangi ukuta ulikuwa umelowa, na Bi Maini akapiga magoti kwenye tope, kioo jichoni. Mimea ile huweza kuchipua upya kutokana na kipande kidogo tu, kikipata pa kushika. Huweza pia kufa kimya kimya. Katika ufa mmoja kulikuwa na kitu cha kijani, kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

"Ndio wenyewe?"

"Sijui, Mama. Huenda ni ukoga tu."

"Utajua lini?"

"Itachukua miezi. Kama pataendelea kuwa na majimaji."

Mama aliutazama ule ufa, akalitazama tangi.

Asubuhi Bi Maini aliamshwa na sauti nje. Alichungulia kwa dirisha la bafu, jiwe likiwa bado pale kwenye kitambaa. Fundi bomba alikuwa amefika na ngazi yake, na mama alikuwa amesimama kati yake na ukuta.

"Rudi tu, baba. Acha livuje."

"Si wewe uliyenipigia simu wiki nzima? Ukuta huu utaoza, mama."

"Na uoze. Tena punguza sauti, hapa pana mgonjwa wa ini."

Fundi alitazama huku na huku akimtafuta mgonjwa, kisha akavua kofia.