Mpwa Asiyesalimia

Mama Mwamvua, mwenye banda la video pale Mikumi, alimpa Boniface Jumamosi moja tu ya kujaribiwa kutafsiri filamu. Watazamaji wakitoka kabla filamu haijaisha, kipaza sauti kinarudi kwa Ashrafu, mtafsiri wa siku zote. Filamu yenyewe ilikuwa ya Hollywood, ya zamani, haina rangi, na mpelelezi wake kila akikaa kiti kinavunjika.

Watu walicheka. Boniface akanogewa, akawawekea wale wazungu adabu midomoni: kila anayeingia sebuleni anamwamkia tajiri mwenye nyumba shikamoo, naye anaitikia marahaba; mpishi ndiye aliyezidi, kila sahani na shikamoo yake. Ila mpwa wa tajiri aliingia akiongea kama cherehani, salamu ikakosa nafasi.

Tajiri alipokutwa amekufa, banda zima likamjua muuaji.

"Ni huyo mpwa! Hata kumwamkia mjomba hakumwamkia," akasema mzee mmoja wa Vidunda.

"Mkamate, bwege wewe, kazi kuvunja viti tu!" wengine wakamfokea mpelelezi.

Boniface alijua wamekosea. Filamu alishaiona, muuaji ni mpishi, yule wa shikamoo nyingi. Mpelelezi alipomnyooshea mpishi kidole, watu wakasimama.

"Uongo! Tunaondoka!"

Midomo ya mpelelezi ilikuwa bado inacheza. Boniface akamsemea haraka: "Mpishi ndiye aliyeua. Lakini na wewe mpwa, twende kituoni ukaandike maelezo, kwa nini hukumwamkia mjomba wako!"

Wakaketi, wakapiga makofi. Mama Mwamvua akachungulia kutoka mlangoni.

"Boniface, kesho kuna ya kivita. Uje mapema."