Kompyuta ya Chumba cha Masikio

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe, nasi tukamwachia, maana hakuna mwingine aliyelitaka.

Mimi ni muuguzi wa kupima masikio katika zahanati. Kompyuta yetu ni moja, ndani yake mna mifumo endeshi mitatu: wa kizamani, ambao bila huo mashine ya kupimia masikio haifanyi kazi; mpya, wa kuandikia barua; na wa bure, ambao daktari anautumia kwa takwimu zake. Programu ya kuwashia, ile inayouliza unataka mfumo upi, ilipoharibika, mume wangu akamtaja ndugu yake. Nilimnunia siku mbili.

"Weka ya maandishi tu," nilimwambia Profesa. "Orodha ya majina, basi."

"Ya maandishi ni ushamba, shem. Masikio kwako, kompyuta kwangu."

Akaweka yenye madoido: mlima wa theluji, na juu yake viduara vitatu vinavyong'aa, bila neno hata moja. Ukikawia sekunde tatu, inajichagulia mfumo wa daktari. Akajipiga picha nayo, akaenda zake.

Kesho yake akaja mama na binti wa miaka sita, wametoka mbali. Nikawasha, nikageuka kumvalisha mtoto vipokea sauti. Kurudi, mfumo wa daktari. Nikazima, nikawasha, nikabahatisha kiduara: barua. Mara ya nne mtoto akavivua, akaangua kilio, wala hakukubali tena kuguswa.

"Tutarudi wiki ijayo," mama yake alisema bila kuniangalia. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikampigia Profesa.

"Ni mazoea tu, shem. Uwe mwepesi wa mkono."

Mwepesi wa mkono! Mtu ambaye bawaba moja ya mlango wetu ilimtoa jasho kutwa nzima, na mlango bado unakwaruza sakafu.

Mchana huohuo nikasoma maelekezo kwenye simu, daktari akinishikia, nikaweka ile ya maandishi. Ilinichukua saa mbili. Majina niliyaandika mwenyewe: MASIKIO, BARUA, TAKWIMU. Usipoigusa, inafungua MASIKIO.

Binti alirudi. Kila mlio wa sikio la kulia aliinua mkono. Kwa sikio la kushoto, hakuinua hata mara moja. Nikamwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa papo hapo.

Jumapili, sebuleni kwetu, Profesa akawa anawasimulia wageni jinsi alivyoiokoa kompyuta ya zahanati. Mume wangu aliniangalia, akingoja nilipuke. Nikaendelea kumenya viazi. Hata kumbishia niliona ni kumheshimu.