Kupunguza Kiuno

...mbili, kumbe zilikuwa mbili, na yeye miezi yote hii amekuwa akihangaika na moja, akiilaani moja, anajisemea Fundi moyoni, na daktari, binti mdogo kuliko bintiye wa kwanza, bado ameinamia karatasi za maabara anaeleza taratibu, kwamba mwanamume akitolewa kibofu chenye saratani hutolewa na tezi dume yake papo hapo, ndivyo upasuaji wenyewe ulivyo, na kila kilichotolewa hupelekwa kupimwa, na huko kwenye tezi, ambako hakuna aliyekuwa akitafuta kitu, wamekuta saratani nyingine, haikutoka kwenye ile ya kibofu, hii ina mzizi wake peke yake, ila bahati nzuri ilikuwa ingali ndani ya tezi, haijahamia mifupa ya mgongo inakopenda kwenda, na imetoka nayo, watakuwa wanamwangalia damu tu kila baada ya miezi mitatu... bahati, hebu isikie bahati hiyo, mtu umeng'olewa jino unaambiwa na la pembeni lilikuwa bovu, shukuru, na mkewe hapo kando anashukuru kweli, Mungu mkubwa, Mungu mkubwa, mkono juu ya goti la mumewe, na Fundi anautazama ule mkono na kuvuta shati lifunike mfuko wa mkojo ulioning'inia ubavuni, shati alilolishona mwenyewe, pana makusudi, mtu asijue. Kisha daktari anachukua kalamu.

"Mzee wangu, kwenu kuna aliyewahi kuugua tezi dume? Baba, baba mdogo, ndugu?"

"Hapana, daktari," mkewe anawahi. "Baba mkwe alikufa kwa mgongo."

...kwa mgongo, ndiyo, ndivyo walivyosema wote msibani, mgongo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mgongo unamuuaje mtu, mgongo uliomlaza miezi mitano, mkewe huyu huyu akimchua mzee kwa dawa ya kuchulia mpaka viganja vikamchubuka, maskini, na kalamu ya daktari inashuka kwenye karatasi, ina visanduku viwili, ndiyo na hapana, na Fundi anataka kuitikia kwa kichwa yaishe waende nyumbani, lakini kichwa hakiitikii, kichwa kimekwenda dukani, kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa baba, thelathini na sita, halafu thelathini na nne, halafu thelathini na mbili, halafu thelathini, mwaka mmoja tu, mara tatu kapunguza suruali zile zile kiunoni kwa mkono wake, akifumua, akikata, akirudishia mshono safi usionekane, na kila mara anajisifu, ona mzee, kama imetoka dukani leo, umerudi ujana, wanawake watakusumbua, na baba anacheka kashika meza... mpumbavu wewe, mpumbavu mwenye futi shingoni, nyama ya baba yako inakwisha mbele ya macho yako na wewe unatazama mshono. Na vifungo je. Baba alikuja siku moja na suruali ya vifungo, toa hivi weka zipu, vidole vyangu vizito siku hizi, vinanichelewesha, haya ikawekwa zipu, haikupita miezi miwili kaja tena, zipu nayo itoke, weka mpira tu, kama kaptura za watoto wa chekechea, nawe ukamtania, vipi mzee, unataka kurudi shule, vidole vizito, vidole vya nani, vya baba, fundi aliyemfundisha ufundi, aliyetunga uzi kwenye sindano bila miwani mpaka wiki anazikwa, vizito tangu lini, ni mkojo uliokuwa haumngoji afungue, na cherehani ilikuwa kwake nyumbani, nzima, kuweka mpira kwake ni kazi ya dakika kumi, kwa nini azibebe suruali mpaka dukani kwa mwanawe, apande kilima kile na mgongo wake, akae kwenye benchi asubiri... alikuwa anasubiri nini... alikuwa anasubiri aulizwe, ee baba, alikuwa anasubiri mwanawe ainue macho aseme, mzee, kuna nini, maana mwenyewe hawezi kuanza, mambo ya huko chini mtu na mwanawe hawayasemi, basi aliyaleta kwenye suruali, akayaweka mezani mara tatu, mara nne, na mwanawe akayashona akampa.

...na Fundi amejiinamia, mkewe anamuuliza kwa sauti ya chini kama kidonda kinauma, anatikisa kichwa, hakiumi, hakiumi hicho, na daktari anasema swali hili ni la muhimu kwa sababu ya wanaume wengine wa familia, wakipimwa mapema hutibika, kama hakuna basi tunaendelea... wanaume wengine, hakuna, yuko yeye na mdogo wake tu, dereva wa lori, ambaye hata hajui kaka yake ametolewa nini, alipokuja wodini alidanganywa ni mawe kwenye kibofu, mawe tu bwana, nitapona, naye akasema pole kaka, pole sana, na kabla ya hapo, wiki ile ya mwisho kabla ya upasuaji, alikuja dukani... alikuja na suruali mbili... Mungu wangu, suruali mbili za kazini, toa vifungo kaka, weka mpira, kiti cha lori kinanibana tumbo, tumbo lipi, nilimpima mwenyewe, inchi mbili zimepungua, nikacheka, nikamuuliza shemeji anakunyima chakula siku hizi, nikacheka vile vile, na yeye akacheka, akakaa, hakuondoka, akakaa kwenye benchi nusu saa nzima na lori lake limewashwa nje.

Kalamu imeshuka, imegusa kisanduku, na akisema ndiyo itabidi aseme yote, mbele ya mke aliyechubuka viganja bure, mbele ya binti wa watu, aseme baba yake alikufa akimwambia, na itabidi ampigie mdogo wake amweleze alichotolewa, atamke neno kwa neno yale ambayo hakuna mwanaume wa kwao aliyewahi kuyatamka, na uso unamchoma kwa aibu, na mkono wa mke bado uko gotini.

"Daktari," anasema, na sauti haitoki vizuri, anairudia. "Daktari, usiandike hapana. Nina mdogo wangu."